Ukuta Ndani ya Tunda

Jumatatu, 14 Aprili 2025. Ruiru

Msimamizi wa utafiti wangu anataka kurasa mbili za ombi la fedha kwa kamati kabla ya katikati ya Julai. Swali lake lina ubahili wa mtu aliyezoea kunyimwa fedha: kwa nini tulipe zaidi ili tujue jeni inafanya kazi wapi, ilhali kujua kama inafanya kazi tumeshazoea na ni rahisi?

Njia tuliyoizoea ni hii. Unachukua tunda bichi la kahawa, unaligandisha kwa naitrojeni ya majimaji, unalitwanga kwenye kinu kidogo cha kauri mpaka liwe unga, unakamua RNA na kuipeleka isomwe kwa mashine. Baadaye unapata jedwali: jeni hii imepanda, ile imeshuka. Jedwali halidanganyi, ila linatoa wastani wa tunda zima. Kidonda cha chulebuni, yaani CBD ya wakulima wetu, kikianza ni nukta ya kutafutwa kwa lenzi. Seli zinazopambana na kuvu ni chache mno. Zilizobaki zinaendelea na shughuli yao ya kunenepa, na sauti yao ndiyo inayojaza jedwali. Ni kama kusaga githeri yote halafu uulizwe lile haragwe bovu lilikuwa upande gani wa sufuria.

Hilo ndilo jibu langu, lakini halitoshi kurasa mbili. Tena najua ataniuliza: umejuaje kwamba mahali ndipo penye siri?

Jumamosi, 19 Aprili. Mang'u

Kesho Pasaka. Nimetoka Thika asubuhi kwenda kwa Guka, babu yangu, na sanduku la barafu, akadhani nimemletea nyama.

Shamba lake ni dogo lakini kwangu ni bora kuliko shamba la majaribio. Upande wa juu ana kahawa ya zamani ya aina ya SL28. Upande wa chini alikata mashina ya zamani akapandikiza vikonyo vya Ruiru 11, aina yenye kinga, juu yake, wakati ule wengi walikuwa wakifanya hivyo. Mvua moja, udongo mmoja, mkono mmoja wa kupogoa. Maua yalitoka Machi, kwa hiyo matunda yapo katika umri ule ule ambao kuvu huyapenda: tangu wiki ya nne hivi baada ya maua hadi wiki ya kumi na nne, yanapotanuka kwa kasi.

Kwenye SL28 nimeona vidonda vyeusi vilivyobonyea, vingine vina utando wa waridi juu yake, ambao ndio mbegu za kuvu. Baadhi ya matunda yamekauka yakiwa bado yameshika tawi. Kwenye Ruiru 11 nako kuna madoa, tena si machache! Lakini haya ni makavu, yamepauka, yana ukoko, na hayaendelei.

"Guka, na hizi za chini umezinyunyizia dawa ya kopa?"

"Sitoi pesa hapo, mami. Hizo zinaugua na kujiponya."

Nikamuuliza basi kwa nini hang'oi SL28. Akanitazama kwa huruma. SL28 ndiyo yenye ladha, akasema, ingawa kule faktori cheri zote zinaingia kwenye tangi moja na ladha ya mtu mmoja haionekani. Nimechuma matunda ya pande zote mbili. Yale yenye ukoko ndiyo niliyoyataka zaidi.

Alhamisi, 24 Aprili. Ruiru

Nimepata makala ya Masaba na van der Vossen ya mwaka 1982. Nilikuwa nimeiona ikitajwa mara nyingi bila kuisoma, na kumbe jibu la swali la msimamizi liliandikwa hapa hapa kwenye kituo chetu cha Ruiru kabla sijazaliwa.

Walikata vipande vyembamba vya mashina machanga ya miche na vya matunda yaliyoambukizwa, wakavitazama kwa hadubini. Katika aina zenye kinga, kuvu huingia. Hilo ni la kukumbuka: kinga haimzuii mlangoni. Anaingia, anapita seli chache, halafu mbele yake seli za tunda zinaanza kugawanyika upya na kujenga tabaka la gome, zikijaza kuta zao suberini, kitu cha mafuta na nta kisichopitisha maji wala chakula. Kuvu anabaki amezingirwa na seli zilizokufa. Ule ukoko aliouona Guka kwa nje ndio ukuta huo. Kwenye aina dhaifu pia kuta hujengwa, lakini kwa uchache na kwa kuchelewa.

Kwa hiyo tofauti kati ya SL28 na Ruiru 11, kwa sehemu kubwa, ni tabaka la seli chache lililojengwa au lisilojengwa mahali fulani chini ya ganda. Kama kuna ugonjwa wa mmea unaodai kujulikana wapi, ni huu.

Ninaandika historia kwa ufupi kwa ajili ya kurasa zile. Ugonjwa ulibainika mara ya kwanza mwaka 1922, magharibi mwa Kenya. Mvua kubwa za 1967 na 1968 zikaleta hasara iliyowatisha hata wenye mashamba makubwa. Mpango wa kuzalisha aina zenye kinga ukaanza hapa Ruiru mwaka 1971. Mwaka 1976 van der Vossen na wenzake wakachapisha njia ya kupima kinga kwenye shina changa la mche wa wiki sita badala ya kungoja miaka mti uzae. Uchambuzi wao wa 1980, yeye na Walyaro, ukataja jeni tatu: R na k kutoka aina ya kahawa iitwayo Rume Sudan, k ikiwemo pia ndani ya aina ya K7, na T kutoka kwa chotara wa Timor. Ruiru 11 ikatolewa 1985, na aina nyingine yenye kinga, Batian, 2010. Mwaka 2008 Elijah Gichuru na wenzake wakapata alama za DNA zilizo karibu na jeni moja ya kinga, wakaiita Ck-1, na inaelekea ndiyo T.

Tunajua basi jeni ya kinga imekaa karibu na wapi kwenye kromosomu. Tunajua ukuta unajengwa wapi kwenye tunda. Katikati hapo, kati ya jeni na ukuta, pana giza la miaka zaidi ya arobaini. Hii ndiyo sentensi ya kwanza ya ombi langu, na nadhani ni nzuri.

Jumapili, 4 Mei. Thika

Mvua tangu alfajiri, Makongeni hapapitiki kwa matope. Nimekaa ndani kuandika sehemu ya njia ya kazi. Toleo la kamati limejaa maneno ya kuombea pesa. Hapa naandika nilivyoelewa.

Kuna kioo chenye vidoa vilivyopangwa kwa safu. Juu ya kila kidoa zimesimikwa nyuzi fupi za DNA, mamilioni. Kila uzi una sehemu tatu za kutajwa. Ya kwanza ni msimbo wa kidoa: nyuzi zote za kidoa kimoja zina msimbo huo, na hakuna kidoa kingine chenye huo. Ya pili ni namba ya nasibu ya uzi wenyewe, ili nakala zikirudufiwa baadaye ujumbe mmoja usihesabiwe mara mia. Ya tatu ni mkia wa herufi T tupu. Mkia huo ndio mtego, kwa sababu RNA inayobeba ujumbe wa jeni ina mkia wa A nyingi, na A hushikana na T.

Unalaza juu ya kioo kipande cha tishu chenye unene wa mikromita 10. Unakitia rangi na kukipiga picha. Kisha unazilainisha seli kwa vimeng'enya mpaka ziachilie RNA yake, nayo inashuka na kunaswa kwenye kidoa kilicho chini yake. Kila iliyonaswa inanakiliwa pamoja na msimbo wa kidoa. Baada ya hapo tishu haina kazi tena, unaiondoa, na nakala zinasomwa kwa mashine ile ile ya kawaida. Mashine yenyewe haijui lolote kuhusu mahali, inasoma herufi tu. Mahali pameandikwa ndani ya herufi. Kompyuta ndiyo inayorudisha kila ujumbe juu ya picha.

Wazo la kutafuta jeni papo hapo ndani ya seli ni la zamani. Mary-Lou Pardue na Joseph Gall walionyesha mwaka 1969 jinsi ya kutumia kipande cha asidi nyukleiki kilichotiwa alama kumtafuta mwenzake ndani ya seli iliyolala kwenye kioo. Ila huko lazima ujue unachotafuta. Kilichobadilika mwaka 2016, Patrik Ståhl, Joakim Lundeberg, Jonas Frisén na wenzao wa Stockholm walipochapisha kazi yao katika Science, ni kwamba unatega bila kuchagua na kila ujumbe wenye mkia unanaswa. Vidoa vyao vilikuwa kama elfu moja, kila kimoja mikromita 100 kwa upana. Kampuni ya 10x Genomics ilinunua teknolojia hiyo 2018, na mwaka uliofuata ikatoa Visium: karibu vidoa 5,000 kwenye mraba wa milimita 6.5, kila kidoa mikromita 55. Jarida la Nature Methods likaichagua fani hii kuwa njia ya mwaka 2020.

Kazi nyingi nilizosoma ni za ubongo wa panya na uvimbe wa saratani. Mimea imo kwa uchache. Stefania Giacomello na wenzake walionyesha 2017 kwamba inawezekana, kwenye Arabidopsis, machipukizi ya mpopla na koni za msprusi. Kahawa haimo kati ya mimea hiyo mitatu.

Bei ya kioo kimoja naijua. Siiandiki hapa, nisije nikaisoma usiku.

Jumanne, 13 Mei. Ruiru

Nimejaribu kukata matunda ya Guka kwenye kriostati, mashine ya kukatia tishu zilizogandishwa. Fundi wetu wa maabara alijifunzia kazi kwenye tishu za ng'ombe, na alisimama nyuma yangu akicheka kwa pua. "Daktari mtarajiwa," akasema, "kahawa si ini."

Ni kweli. Seli ya mnyama ina utando tu. Seli ya mmea ina ukuta wa selulosi nje na mfuko wa maji ndani, na mfuko huo ndio unaochukua nafasi kubwa. Ukigandisha polepole, maji yanafanya fuwele zinazopasua seli. Ukigandisha kwa pupa, tunda lenyewe linapasuka. Kwenye aisopenteni iliyopozwa kwa naitrojeni mambo yanakuwa afadhali. Halafu kuna weusi: tunda la kahawa limejaa polifenoli, hewa ikiligusa linageuka kahawia mbele ya macho yako, na kitu hicho hicho hujishikiza kwenye RNA na kuizuia isinaswe. Dawa yake ni kuongeza PVP kwenye mchanganyiko iibebe hiyo polifenoli. Ni dawa ya kale ya maabara za mimea na bado hakuna bora zaidi kwa bei yake.

Klorofili nayo inang'aa nyekundu chini ya taa ya urujuanimno na kuharibu picha. Lakini taa hiyo hiyo imenipa zawadi ya leo: kwenye kipande cha Ruiru 11 chenye ukoko, suberini iling'aa buluu-nyeupe, mstari mwembamba uliopinda chini ya kidonda. Nimeupaka Sudan IV kwenye kipande cha jirani ukaitikia kwa wekundu. Ndio ukuta. Fundi aliacha kucheka, akaomba aone.

Ijumaa, 23 Mei. Ruiru

Stima zimepotea mchana kutwa. Jenereta ilichukua muda, na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikapanda hadi 52. RNA haina msamaha: alama yake ya ubora, katika kipimo cha 10, tunataka angalau 7. Nitapima Jumatatu. Ombi langu sasa lina mstari wa betri.

Jumatano, 4 Juni. Thika

Leo nimefanya hesabu niliyokuwa nikiikwepa.

Kidoa cha Visium ya kawaida kina upana wa mikromita 55, na kutoka kitovu hadi kitovu ni 100. Maana yake kati ya ukingo wa kidoa kimoja na mwenzake pana mikromita 45 zisizo na mtego. Kwa eneo, vidoa vyote pamoja vinafunika kama asilimia 27 ya kioo. Karibu robo tatu ya tishu inaangukia patupu na haisomwi.

Sasa seli zangu. Nilizopima chini ya ganda zina mikromita 20 hadi 35. Ukuta nilioona Mei ulikuwa na tabaka mbili au tatu, na seli za gome ni bapa, kwa hiyo unene wote haufiki 60. Penye wembamba, ukuta unaweza kupita katikati ya vidoa viwili bila kuguswa. Na ukiguswa, kidoa kitachanganya seli ya ukuta, seli iliyo hai nyuma yake na seli iliyokufa mbele yake. Nitakuwa nimetwanga tena, safari hii kwa kinu kidogo zaidi.

Wanaouza vifaa hivi wanaonyesha picha za ubongo wa panya, ambako tabaka ni nene na zinapendeza. Siwalaumu. Lakini sisi tukinunua kwa kuvutiwa na picha hizo tutapata ramani ya tunda yenye rangi nyingi na ukuta haumo.

Kuna njia za kutokea. Ukuta ni upinde, si nukta. Nikikata vipande vingi vya kidonda kimoja, sehemu tofauti za upinde zitaangukia vidoa tofauti, na nitaweza kuzikusanya kwa kutumia picha ya suberini kama kiongozi. Kuna Visium HD ya 2024, ambayo miraba yake ni mikromita 2 na imegusana bila nafasi. Kuna Stereo-seq ya BGI, iliyochapishwa 2022, ambayo mitego yake iko chini ya mikromita moja kutoka mmoja hadi mwingine. Ila kadiri mtego unavyokuwa mdogo ndivyo unavyonasa ujumbe mchache, na RNA haishuki wima, huenda pembeni kidogo kabla ya kunaswa. Miraba ya mikromita 2 haimaanishi unaona kwa mikromita 2. Sitaki kamati isikie namba hiyo peke yake.

Jumanne, 17 Juni. Ruiru

Mambo mawili, moja la kutia moyo.

La kwanza ni gumu. Arabika ina kromosomu 44 kwa sababu ni mtoto wa miti miwili: robusta na eugenioides. Kila jeni, kwa kawaida, iko kwa nakala mbili zinazofanana sana, moja kutoka kila upande. Mtego wa mkia unasoma mwisho wa ujumbe tu, herufi chache, na mara nyingi herufi hizo ni zile zile kwa nakala zote mbili. Jinomu nzima ya arabika iliyochapishwa 2024 inasaidia, lakini haiwezi kutofautisha kisichotofautiana. Na Ck-1, kupitia chotara wa Timor, inatoka upande wa robusta. Kwa hiyo swali la nakala ipi si la anasa kwetu. Nimeweka mstari wa kusoma baadhi ya sampuli kwa nakala ndefu, hata bila mahali, ili tujue ni jeni zipi zinatenganishika.

La pili: kuvu naye ana mkia wa A. Colletotrichum kahawae atanaswa kwenye kioo hicho hicho, na kompyuta itamtenga kwa kulinganisha na jinomu yake. Nimekaa nikiwaza hili safari nzima ya matatu kutoka Ruiru hadi Thika. Kwa mara ya kwanza tungeona upande mmoja wa mstari kuvu anachotoa, na upande wa pili mti unachojibu, kwa umbali wa seli tatu. Kazi ya mwaka 1982 ilionyesha ukuta ukiwa umeshajengwa. Haikuweza kuonyesha nani alitoa amri, wala kama amri ilitoka kwenye seli zinazokufa au kwenye zile zilizo nyuma yake.

Jumatatu, 7 Julai. Thika

Saba Saba, siku ya maandamano. Barabara kuu imefungwa, hakuna matatu. Nimeshinda ndani nikipunguza maneno. Kurasa mbili na nusu bado.

Alhamisi, 10 Julai. Ruiru

Msimamizi amesoma. Amekata aya yote ya Stockholm ("Hawa hawanunui historia") na akaacha ile ya Ruiru. Halafu tukabishana hadi saa nane bila chakula.

Hoja yake: tunda la shambani lina mambo mengi mno. Hujui kuvu aliingia siku gani, lina umri gani hasa, na tunda la wiki kumi halienei kwenye mraba wa milimita 6.5 bila kulichonga. Hoja yangu: mkulima hana shina la mche wa wiki sita kwenye tangi la faktori, ana tunda. Yeye ana haki na mimi nina haki, na pesa ni za vioo vichache.

Tumekubaliana hivi. Ramani kubwa tutaifanya mara moja, kwenye mashina machanga ya miche, kama wale wa 1976. Ni membamba, vipande kadhaa vinaenea kwenye mraba mmoja, na saa ya kuambukiza tunaichagua wenyewe. SL28 na Ruiru 11, iliyotiwa kuvu na iliyotiwa maji matupu, siku ya 2, ya 5 na ya 9. Kutoka humo tutachagua jeni chache, zikiwemo za kutengeneza suberini kama ile ambayo kwenye Arabidopsis huitwa GPAT5. Kisha tunarudi kwenye matunda ya Mang'u kwa njia ya Gall na Pardue, tukitafuta jeni hizo tu, kwa hadubini tuliyo nayo na kwa bei tunayoimudu.

Ameniuliza pia swali ambalo nilitamani nijiulize mapema. Ikiwa SL28 nayo hujenga ukuta, ila kwa kuchelewa, ramani ya siku moja itaonyesha nini? Itaonyesha jeni zile zile mahali pale pale, na sisi tutaandika kwamba hakuna tofauti. Wapi bila lini ni nusu ya jibu. Ndiyo maana siku ni tatu na aina zimebaki mbili tu, ingawa nililia na Batian iingie.

Tulipotoka nje alinionyesha kwa kidole upande wa mji mpya wa Tatu City, mahali palipokuwa kahawa mstari kwa mstari. Akasema kamati itauliza kama kuna kahawa itakayobaki ya kukingwa. Nikamwambia ya Guka ipo. Akaniambia hilo nalo nisiliandike kwenye ombi.

Mbegu za SL28 tumezimenya pachimenti leo na kuziweka ziote. Za Ruiru 11 tumeagiza. Huchavushwa kwa mkono, ua kwa ua, kwa hiyo tunangoja.